Vidole Kumi vya Mke Wangu

Kidole gumba cha mke wangu kilijua njia. Nilikishika kama nilivyovishika vidole gumba vya maelfu ya watu, nikakigusisha kwenye kioo chenye wino, nikakileta juu ya kadi nyeupe, na kabla sijakizungusha kikazunguka chenyewe kuelekea kwake. Kidole cha shahada nacho kikazunguka upande wa pili, kuelekea nje. Mkono mzima ulikuwa umelegea mkononi mwangu, hauna ubishi, na macho yake yalikuwa ukutani, kwenye kalenda. Sikuwa nimemwambia atazame ukuta.

Mtu asiyewahi kuchukuliwa alama za vidole huwa na mkono mbishi. Anakaza. Anataka kukusaidia, anasukuma kidole mwenyewe, mistari inavurugika, unatupa kadi na kuanza upya. Ndiyo maana kutwa nzima nilikuwa naimba wimbo mmoja: legeza mkono, niachie mimi, tazama ukuta. Walimu wakuu walikaza, madaktari walikaza, hata jaji mmoja mstaafu alikaza mpaka kijasho kikamtoka. Waliolegea bila kuambiwa walikuwa wa aina moja tu, wale waliokwisha kukaa kwenye kiti kile au kingine kama kile, na mara nyingi hawakuwa wamepelekwa kwa hiari yao.

"Mbona kimya?" mke wangu aliniuliza, huku anatabasamu.

Nikamwambia kazi ile haitaki maneno. Nikamaliza vidole vyote kumi, nikampa kitambaa chenye mafuta ya taa ajifute. Karani wa mapokezi akatangaza kwamba leo Mzee Wino amemkamata mke wake mwenyewe, na watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mzee Wino ndilo jina nililopewa pale ofisini, kwa kuwa kucha zangu hazikuwahi kutakata. Nami nikacheka nao.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa ametuombea viza ya kuhamia kwake, mimi na mama yake. Alikuwa ameishi huko miaka kumi na miwili, ana watoto wawili ambao sisi tuliwajua kwa sura za kwenye simu. Ubalozi ulitaka vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, picha zenye vipimo vyake, kipimo cha afya, na kwa kila mmoja wetu cheti cha tabia njema kutoka polisi, kitengo chetu cha alama za vidole. Fomu iliuliza pia kama mwombaji amewahi kukamatwa, popote, kwa kosa lolote. Mke wangu aliandika hapana, kwa mwandiko wake wa duara, bila kusita. Binti alikuwa ameshatuonya kwamba ukidanganya kwenye ile fomu na wakagundua, basi tena, utawasikia wajukuu kwenye simu mpaka uzikwe. Siku ya usaili ilikuwa imepangwa, wiki sita mbele.

Kwa hiyo nilikuwa na sababu, nami niliishika kwa mikono miwili. Nilijiambia namlinda. Kama kuna kadi yake mahali, bora niione mimi kabla ya mtu wa ubalozi. Uongo mtupu. Nilitaka kujua nimekuwa nikilala na nani kwa miaka thelathini na mmoja.

Kadi yake sikuipeleka kwa mkuu wa kitengo. Niliitia kwenye droo yangu, nikageuza ufunguo.

Wakati ule kompyuta zilikuwa zimeshaanza kuingia, lakini kumbukumbu za zamani bado zilikaa kwenye makabati ya chuma, zimepangwa kwa namna mistari ya vidole inavyozunguka na kupinda. Wenzangu walipotoka kwenda kula, mimi nilibaki na kioo changu cha kukuzia na mkate mkavu, nafungua droo moja baada ya nyingine. Wanawake hawakuwa wengi. Mmoja aliiba dukani, mwingine alimpiga jirani na mwiko, mwingine alipika pombe asiyoruhusiwa kupika. Kila nilipokutana na mistari inayofanana na yake moyo uliruka, nikaihesabu mara mbili tatu, kumbe siye. Nilimaliza makabati yote. Hakuwamo.

Mtu mwenye akili timamu angeshukuru Mungu na kuandika cheti. Mimi kukosa ndiko kulikonitia wazimu. Nikawaza kwamba alitumia jina lingine. Nikawaza kwamba kadi yake imechomolewa, ana mtu wake humu ndani, nikaanza kuwachunguza wenzangu, yupi humsalimia kwa uchangamfu uliopitiliza. Nyumbani nako nikawa askari. Kwa nini pochi anaiweka juu ya kabati? Kwa nini simu ya mama yake mdogo anaipokelea uani? Nikakumbuka kwamba usichana wake, kabla sijamjua, aliishi mwaka mmoja na nusu kwa huyo mama mdogo, katika mji mwingine, na habari za huko alizisimulia kwa maneno matatu: nilijifunza kushona, nikarudi. Miaka yote nilidhani hakuna la kusimulia. Sasa nikayasikia yale maneno kama ya mtu aliyefundishwa na wakili aseme machache.

Nilimpigia shemeji yangu, kaka yake, nikajifanya nataka tarehe kamili kwa ajili ya fomu. Alicheka sana. "Shemeji, unataka kuoa upya? Hayo si maswali ya posa?" Nikabadilisha mazungumzo.

Mke wangu alikuwa akiniuliza, kwa upole, kama cheti chake kimetoka. Nilimjibu kwamba foleni ni ndefu mwaka huu. Changu mwenyewe kilikuwa kimetoka siku ya pili, kikiwa ndani ya bahasha ya kaki pamoja na karatasi nyingine zote. Kila Jumapili binti alipiga kuuliza kimebaki nini, na kila Jumapili nilimwambia kimebaki cha mama.

Ndipo nikaandika barua. Barua rasmi, yenye nembo ya ofisi, kwenda kituo cha polisi cha mji ule wa mama mdogo. Niliuliza kama mwanamke wa jina hili, aliyewahi kuishi kwa bibi fulani, mtaa fulani, aliwahi kushikiliwa kwa kosa lolote. Nikasaini mwenyewe, nikagonga muhuri. Sikusita hata kidogo, na hilo linanichoma mpaka leo.

Jumatano ya wiki iliyofuata nilirudi kazini nikamkuta kwenye cherehani, anashona sare za shule. Hakusimama. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, halafu akaniambia kwamba mama yake mdogo amepiga simu. Askari wawili walifika kwake mchana na gari la polisi, na mtaa mzima ukatoka nje kutazama. Walimuuliza habari za mtoto wa dada yake. Yule bibi, na uzee wake wa miaka themanini, alidhani kwanza kwamba mtoto amekufa, kisha akadhani ameua.

"Wamemwonyesha barua," mke wangu alisema. "Jirani amemsomea. Ina saini yako."

Sikuwa na pa kutokea. Nikaeleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kujizika: kidole gumba, kalenda, mkono uliolegea. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imetulia juu ya kitambaa.

"Ulinifundisha wewe," alisema.

Sikumwelewa.

"Ulipokuwa mafunzoni, baba. Ulitakiwa ujaze kadi mia za mazoezi kabla ya mtihani, na wapangaji wenzako wote pale nyumbani kwetu walikukimbia kwa sababu ya wino. Nikakaa mimi. Kila Jumamosi, miezi miwili, unaniambia tazama ukuta. Siku ile ofisini uliponishika kidole, nilidhani umekumbuka. Nikawa nasubiri useme."

Nilikumbuka. Tena lililonivunja nguvu ni kwamba sikuwahi kuzisahau zile Jumamosi. Nilikuwa nazo miaka yote: kibaraza, stuli mbili, kicheko chake, na mimi nikitafuta kila kisingizio cha kumshika mkono. Wino tu ndio uliokuwa umenitoka. Nilisimama pale na begi langu la kazi, aibu imenijaa mpaka masikioni.

"Ukanitafuta makabatini," alisema.

"Nilikutafuta."

"Siku ngapi?"

"Kumi na sita."

Aliitikia kwa kichwa, kama mteja amemtajia kipimo cha kiuno. Kisha akaniuliza cheti changu mimi alikisaini nani. Nikamwambia mkuu wa kitengo. Akauliza kama mkuu alinitafuta makabatini kabla ya kusaini. Ningeweza kudanganya, lakini nilikuwa nimechoka. Nikamwambia hakutafuta, alicheka tu, akasema Mzee Wino namfahamu, akagonga muhuri.

"Umefanya naye kazi miaka mingapi?"

"Minne."

Alichukua sare nyingine, akaiweka chini ya sindano, akaanza kukanyaga.

Kesho yake niliitoa kadi kwenye droo, na kabla ya saa sita cheti kikawa tayari: hana kumbukumbu yoyote ya uhalifu. Nilimpelekea. Alikisoma chote, akakitia kwenye bahasha pamoja na changu. Usaili tuliuwahi, tukasafiri, na sasa huu ni mwaka wa saba tunaishi kwa binti yetu. Wajukuu wamekuwa warefu kuliko mimi. Nilimwomba mke wangu msamaha kabla hatujaondoka, akaniambia amekwisha kunisamehe, nami naamini, kwa sababu si mwanamke wa kununa. Tunakula pamoja, tunataniana, akiumwa mgongo mimi ndiye ninayemkanda.

Ila siku nyingine hutoka peke yake, nami nabaki ndani na redio. Anaporudi namuuliza alikuwa wapi, swali la kawaida tu la mzee aliyeshinda bila mtu wa kuongea naye. Zamani angenijibu "hapo tu" na kupitiliza jikoni. Siku hizi anasimama mlangoni na mifuko yake, koti hajalivua, ananieleza: ametoka saa nne na robo, amepita duka la dawa, halafu la mboga, amerudi kwa njia ya shuleni, na yule mama wa nyumba ya kona amemwona, naweza kwenda kumuuliza.