Ukurasa wa Nyuki Mweusi

Asubuhi ile Hezron aliingia ofisini na furaha ya mtu aliyefagia uwanja mzima kabla wenzake hawajaamka.

"Dada Emerensiana, tovuti imepumua! Kurasa zote za zamani nimezifuta. Anayefungua ya zamani anapelekwa kwenye mpya."

Kurasa hizo za maelekezo aliziandika Emerensiana, za zamani na mpya. Ofisi yao, chumba kimoja nyuma ya duka la steshenari hapa Mpanda, hutengeneza app ya wafugaji nyuki. Unasimama chini ya mti ulikotundika mzinga, unabonyeza, simu inakumbuka mahali.

"Umemuuliza nani?"

"Takwimu. Toleo la zamani halina mtumiaji hata mmoja."

"Takwimu zako zinamwona aliye kwenye mtandao. Aliye porini zitamwonea wapi?"

"Dada nawe, ungefungua tu makumbusho."

Alikuwa bado anacheka simu ya ofisi ilipoita. Emerensiana akaiweka spika.

"Shikamoo dada. Damiano hapa, wa Ugalla. Kesho tunaingia porini kurina asali, na hii app yenu imegoma kufunguka. Ukurasa wenu unasema niiondoe, niiweke upya, kila kitu kitarudi chenyewe. Nimebonyeza, sasa inaniuliza kama nina uhakika. Ndo nikasema niwaulize nyie kwanza. Mizinga iliyomo ni ya marehemu kaka, Gabrieli. Aliitundika mwenyewe, mimi sijui hata mti mmoja."

Hezron aliacha kucheka.

"Ile picha ya app," Emerensiana akauliza, "nyuki wake ni wa rangi gani?"

"Mweusi."

"Bonyeza hapana! Hapana, Damiano, umesikia?"

"Nimesikia, dada. Unavuma kama mzinga ndo wewe."

Akamweleza. Toleo jipya, la nyuki wa njano, huweka kumbukumbu kwenye mtandao, kwa hiyo zinarudi. Lile jeusi huziweka ndani ya simu tu. Ukiliondoa, zinakwenda nalo.

Hezron akasogea kwenye simu. "Kaka, hilo la zamani ulilitoa wapi?"

"Simu yenyewe ni ya marehemu. Yeye alirushiwa na jirani kambini. Kule mtandao hakuna, bwana, tunarushiana simu kwa simu. Kambi nzima tuna mweusi."

Kambi nzima. Kwenye kompyuta, takwimu zilikuwa bado zinaonyesha sifuri, bila aibu.

Hezron alirudisha ukurasa wa zamani kutoka kwenye nakala ya akiba, Emerensiana akausoma kwa sauti. Simu ikijaa, app hukosa nafasi. Punguza video kwanza.

"Zilizopo ni za harusi ya mdogo wetu Specioza," Damiano akasema. "Nikizifuta atanichuna ngozi."

"Zirushe kwake, halafu futa."

Akaanza kuzirusha na kuzifuta. Wakasikia jogoo, mtu akikohoa, kisha Damiano, kwa sauti ya chini: "Imefunguka. Ya kaka ipo yote."

Hakuna aliyemharakisha.

"Basi ukurasa huu naupiga picha, niwarushie wenzangu, nanyi muione," akasema baadaye.

Hezron alikuwa ameshauwekea ukurasa huo utepe mwekundu juu: *Haya ni maelekezo ya toleo la zamani.* Alijisikia ameokoka. Picha ya Damiano ilipofika, utepe haukuwemo. Hatua tu.

"Juu nimekata," Damiano akaeleza. "Ni maneno maneno."

Emerensiana alicheka mpaka akashika meza. "Haya fundi, utepe wako umechinjwa."

Hezron akarudi kazini. Kila hatua ikaanza na maneno *Kwa nyuki mweusi*. Kwenye ukurasa mpya, juu ya hatua ya kuondoa app, akaandika: *Nyuki wako ni mweusi? Ishia hapa, tupigie.*

Damiano alipotoka porini alituma picha ya mzinga juu ya mti mrefu, nyuki wamejaa mlangoni. Chini yake aliandika: "Huu ndo wa mwisho wa kaka. Wamo."

Hezron aliitazama sana. Kisha akafungua ule ukurasa wa zamani, akaongeza mstari kwa ajili ya fundi yeyote atakayekuja na ufagio wake: *Usiufute kabla ya kupiga simu Ugalla.*