Wazee Kumi na Mmoja wa Sladek

Mwaka ambao mji wa Sladek, Nebraska, uliongezeka watu, hakuna aliyezaliwa mjini wala aliyehamia. Hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu, lakini habari njema haihojiwi mlangoni, na Sladek haikuwa imepata habari njema tangu shule ilipofungwa. Basi barua ya kaunti ilipofika ikisema wakazi wamepanda kutoka hamsini na wawili hadi hamsini na saba, Arlys Bohling, karani wa mji, aliisoma kanisani baada ya ibada. Watu wakapiga makofi. Jumatatu kibao cha barabarani kikapakwa namba mpya.

Mzee Delmar Kucera alipiga makofi pamoja na wenzake. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, hakuwahi kuoa, na dada yake Ludmila, aliyeishi naye nyumba moja maisha yao yote, alikuwa amefariki mwaka juzi wakati wa theluji. Moyoni alijisemea kwamba namba hiyo itabidi wapunguze mmoja, kwa kuwa alikuwa ameshaweka nafasi katika nyumba ya wazee huko mji wa Grand Island, na Ijumaa ndiyo siku ya kuhamia. Hakuwa amemwambia mtu. Si kwa ubaya. Aliona tu kwamba hakuna atakayepungukiwa na chochote.

Chakula hakikuwa tatizo lake. Tangu Ludmila afariki, haikupita siku bila mtu kugonga mlango na bakuli lililofunikwa, jina la mwenyewe limebandikwa chini kwa utepe ili lirudi. "Tumepika kupita kiasi," wakasema, wakageuka haraka kwenye magari yao kana kwamba wamekuja kuiba. Siku nyingine walimwita mezani kwao, kwa sababu ileile: mlo umezidi. Jumatano alikuwa kwa Marvin na Jolene Tvrdy, maana kuku wa Jolene kila Jumatano alikuwa mkubwa mno kwa watu wawili. Delmar alikula, akashukuru, na njiani kurudi akawasikitikia watu wa Sladek. Mji mzima, na hakuna hata mmoja anayejua kukadiria chakula! Ludmila alikuwa akipima hata chumvi.

Basi ilikuwa Jumatano, asubuhi, siku mbili kabla ya safari. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye ofisi ya ghala la nafaka wakinywa kahawa na kuyalalamikia mahindi kwamba bado yana unyevu. Gari dogo la buluu likasimama nje. Akashuka binti mmoja aliyevaa viatu safi mno, amebeba kikapu cha chupa tupu.

"Hamjambo wazee. Naitwa Corinne Ashby, ni mtafiti wa chuo kikuu," alisema. "Nawatafuta wale wazee kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja?" Marvin Tvrdy aliweka kikombe chini. "Binti, hapa tukikusanyika wote hatufiki kumi na mmoja, labda umhesabu na mbwa."

Corinne akafungua faili lake. Alieleza kwa heshima, kama mtu anayeogopa kuwaamsha watakatifu. Katika hesabu mpya ya watu ya kaunti, ambayo watafiti hupewa bila majina, alisema, mji huu una jambo ambalo halijawahi kuonekana. Mtu mmoja kati ya kila watano ni mwanamume mwenye miaka themanini na mitatu. Wote kumi na mmoja walizaliwa tarehe tisa Machi. Wote ni wa asili ya Kicheki. Wote walifanya kazi kwenye ghala la nafaka. Hakuna aliyeoa.

"Na wote," alisema, sauti ikishuka, "kwenye swali la ulemavu wameandikwa hawana kidole gumba cha mkono wa kushoto."

Delmar akautia mkono wake wa kushoto mfukoni.

"Mwalimu wangu anahisi ni maji ya kisima," Corinne alimalizia, akionyesha chupa zake.

Hakuna aliyecheka. Wanaume wote walikuwa wamekumbuka, ghafla na kwa wakati mmoja, kwamba wana jambo la kutazama kwenye viatu vyao.

"Marvin," alisema Delmar. "Mmefanya nini?"

"Mimi? Muulize Jolene. Mimi nilitia sahihi tu."

Arlys alipigiwa simu. Akaja na boksi la nakala za fomu za hesabu ya watu, na kabla ya saa sita nusu ya mji ilikuwa imejaa kwenye kituo cha zimamoto, katikati ya lori na meza za mikutano. Nje ya Sladek ingekuwa kesi. Pale ilikuwa aibu, na aibu ni nzito kuliko kesi.

Arlys akasoma swali la tatu kwa sauti: "'Andika kila mtu wa nyumbani mwako, pamoja na yeyote ambaye asipoandikwa hapa hataandikwa kwingine.'" Akavua miwani. "Haya. Nani alimwandika Delmar?"

Jolene Tvrdy akainua mkono nusu, kama mtoto asiyejua jibu. "Nilijua fomu yake ataitupa."

"Sikuitupa," alisema Delmar. "Niliwashia jiko."

"Unaona! Basi nikamwandika kwetu. Niliogopa atasahaulika."

"Hata mimi," alisema mjane Norleen Hajek. "Nilimwandika kama mjomba."

"Mjomba? Mimi niliandika ni mpangaji," alisema mtu wa nyuma.

Wakaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mikono kumi na mmoja ikawa juu. Kila nyumba ilidhani ndiyo pekee iliyomkumbuka. Mchungaji alimwandika. Hata Everett Pospisil alimwandika, na Everett na Delmar walikuwa hawajasemeshana tangu ule ugomvi wa mpaka wa shamba.

"Na wewe, Everett?" Delmar aliuliza.

"Hiyo ni hesabu," Everett alijibu bila kumtazama. "Haina uhusiano na mpaka. Mpaka ni wangu."

Corinne alikuwa amekaa kitini, kikapu cha chupa miguuni. "Kwa hiyo ni mtu mmoja," alisema taratibu. "Basi itabidi tusahihishe. Tumwache kwenye nyumba moja, tumfute kwenye hizo kumi. Atabaki wapi?"

Hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Kwetu," alisema Jolene. "Kila Jumatano, bila kukosa."

"Jumatano moja ndiyo unaringia? Kwangu anakuja Jumapili, na anaosha vyombo!"

"Wee Norleen, anaosha kwa sababu vyako ni vichafu!"

"Mimi sifuti," alisema Everett. "Niliandika kwa wino."

Delmar alisikiliza mpaka akachoka. Kisha akauliza, sauti yake ndogo: "Na kwangu mimi? Nyumbani kwangu mmeandika nani?"

Arlys akapekua boksi mara mbili. "Kwako hakuna mtu, Delmar. Kwa karatasi, nyumba yako ni tupu."

"Basi karatasi haijakosea sana," alisema. Akashika ukingo wa meza. "Ijumaa nahamia Grand Island. Nimepata chumba kwenye nyumba ya wazee."

Hata lori la zimamoto lilionekana kushtuka.

"Mnaondoka wote?" Marvin aliuliza. "Wote kumi na mmoja?"

"Marvin, nyamaza," alisema Jolene. Alikuwa amekunja kitambaa cha mezani mikononi kama anayemnyonga mtu. "Delmar, nani amekukosea?"

"Hakuna. Mmekuwa mkinilisha makombo yenu kwa wema. Mtu hawezi kuishi kwa bahati ya kuku wakubwa, Jolene. Siku moja mtajifunza kupima."

Jolene akakiweka kitambaa mezani. "Kuku wangu ni wa kawaida," alisema. "Siku zote ni wa kawaida. Kila Jumatano naoka wawili."

Delmar akauachia ukingo wa meza.

"Mimi sipendi hata kabichi," alisema mjane Norleen, akitazama sakafu. "Naipika tu. Unaipenda wewe."

Mchungaji akakohoa na kusema kwamba ule mchuzi wa nguruwe anaompelekea Delmar haukuwahi kuwa makombo, na kwamba amekuwa akisema uongo tangu mwaka juzi, tena akiwa amevaa kola ya uchungaji. Everett Pospisil, ambaye hakuwahi kupeleka chakula, alisema mtu anayekwangua theluji kwenye ngazi za Delmar alfajiri hana haja ya kutajwa, na asiulizwe mtu.

Mzee akakaa. Alikuwa anapanga upya miaka miwili kichwani mwake, bakuli kwa bakuli, na ilimchukua muda. Mtu akamsogezea kahawa. Corinne, aliyekuja kutafuta siri ya maji, alikuwa akifuta macho kwa ukurasa wa faili lake.

"Arlys," Delmar alisema mwishowe. "Una fomu safi?"

Akapewa, na kalamu. Aliijaza polepole kwa maandishi makubwa: jina lake, barabara yake, wakazi wa nyumba, mmoja. Swali la mwisho liliuliza kama mkazi atakuwa kwenye anwani hiyo mwaka mzima. Kalamu ikasimama juu ya karatasi. Watu wote walikuwa wakitazama kalamu. Akaandika ndiyo, akapiga mstari chini yake.

"Lakini sasa mmekuwa kumi na wawili," alisema Corinne kwa unyonge. "Zile nyingine lazima zifutwe."

"Anayetaka kufuta na aje na kifutio chake," alisema Arlys, akafunga boksi. Hakuna aliyetokea na kifutio.

Delmar akaomba simu ya kituo, akapiga Grand Island. Watu wakajifanya wanazungumza. Upande wa pili msichana aliuliza kama kuna msiba, maana wazee wengi huacha chumba kwa sababu hiyo.

"Hapana, binti, sijafa," alisema Mzee Delmar. "Ni kwamba tumekuwa wengi mno. Chumba kimoja hakitatutosha."