Zamu ya Wanjira

Wiki yake ya kwanza Mombasa, Razan alijiaibisha. Zamu ya usiku ilikuwa inakwisha, wauguzi wa asubuhi wamesimama na kalamu zao, naye akaanza kukabidhi wagonjwa kama alivyozoea kwao. "Huyu ni Bwana Shekhan. Babake ana duka la vitambaa Kibokoni, mkewe ni yule anayekuja na birika la buluu. Hanywi maziwa. Akinyamaza, ujue anaumwa." Wenzake wakatazamana, mmoja akacheka puani. Mkuu wa wodi, mama mpole asiye na nia mbaya, akamwambia, "Razan, hapa tunasema kitanda nambari kumi na moja, siku ya pili baada ya upasuaji. Mengine yamo kwenye kompyuta."

Na kweli yalikuwemo, isipokuwa lile la kunyamaza.

Tusiionee hospitali ile. Ilikuwa ya watu binafsi, safi, sakafu unajiona uso, na mshahara wake ulimwezesha Razan kuezeka upya nyumba ya mama yake kijijini Shela, jambo ambalo kule Amu, mjini Lamu alikoanzia kazi, angelisubiri mpaka mvi zimtoke. Basi la wafanyakazi lilimfuata mpaka mlangoni. Bima ilimgharamia yeye na mama yake. Alikaa miaka mitatu na hakugombana na mtu. Ila katika miaka hiyo mitatu hakuna aliyemuuliza ni binti wa nani, na kwa mtu wa Shela hilo ni gumu kuliko matusi.

Amu walikabidhi wagonjwa kwa namna yao, na namna hiyo ilikuwa ya Bi Alawiya, Mungu amrehemu, aliyekuwa mkuu wa wodi Razan alipoajiriwa. Mwanamke mfupi, mkali, mwenye viatu vilivyosikika kabla hajaonekana. Sheria yake ilikuwa hivi: anayetoka zamu humtaja mgonjwa kwa jina, watu wake na mtaa wake, kisha hali yake. Anayeingia hulirudia jina, halafu husema, "Nimempokea." Neno hilo lisiposemwa, mgonjwa bado ni wako, na huendi nyumbani hata kama mumeo yuko langoni na mwavuli. Na siri ya mgonjwa, alikuwa akisema Bi Alawiya huku ameinua kidole, haitoki wodini ila kwa yule anayempokea.

Wanjira aliingia kazini mwezi mmoja na Razan. Alitoka Nyeri, na majina ya watu yalimtesa. Aliyaandika kiganjani kwa kalamu, akinawa mikono yanafutika, anarudi kuuliza upya. Bi Alawiya hakumhurumia. Kufikia Ramadhani ya pili Wanjira alijua nani mpwa wa nani kutoka mtaa wa Mkomani hadi Langoni, na wazee wakimuuliza amezaliwa wapi, wanauliza kwa shaka ya kweli.

Hao wawili walikuwa na mapatano ambayo hayakuandikwa popote. Siku ya Idi, Wanjira hushika wodi peke yake ili Razan aende kuswali na kula kwa mama yake. Siku ya Krismasi, Razan hushika wodi. Jioni ya Idi sinia la Bi Mwanamkisi, mama yake Razan, lilikuja kwa boti kutoka Shela, limefungwa kwa leso, na wagonjwa wenye nguvu walikula pamoja na muuguzi wao. Mombasa, siku za mapumziko hupangwa na kompyuta. Ilipanga vizuri tu, lakini Razan alikuwa akifungua simu siku ya Krismasi na kujiona kama mtu aliyesahau kitu dukani.

Kwa hiyo ujumbe wa Wanjira ulipoingia, alikuwa ameshalainika. Wanjira aliandika kwamba kuna nafasi ya kudumu Amu, wodi ile ile, aombe upesi. Razan akaomba, nusu kwa mzaha, akapewa. Wiki hiyo hiyo hospitali yake Mombasa ikamwambia inataka awe mkuu wa wodi, mshahara upande, asaini mkataba mwingine. Pande zote mbili zilitaka jibu kabla likizo yake haijaisha. Akafunga begi akaenda Shela kufikiri, maana hakuwa ameamua kitu.

Mama yake alimpokea mlangoni kwa uso uliojaa furaha na mkono mmoja ulioshika leso. "Ndoo ndani, mwanangu. Umekonda. Hiyo Mombasa, nti ya watu, haikulishi?" Yasir, nduguye Razan, alikuwa Ras Kitau kwenye kazi yake ya hoteli, huja Jumapili tu, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili. Razan aliona kikapu cha kofia kwenye pembe, kofia moja imeshonwa nusu na sindano imechomekwa palepale, ina vumbi. Bi Mwanamkisi alikuwa mshonaji ambaye mabwana harusi walimsubiri.

"Mbona umeiacha?"

"Mato hayaioni tena sindano," mama akajibu, akarudi kwenye unga wake. Siku hizi alikuwa akikanda unga asubuhi na jioni, polepole, kwa mkono wa kushoto, na mahamri yaliyobaki yaligawiwa mtaani. Alikuwa na habari za Wanjira kuliko Razan mwenyewe: Wanjira amefanya hivi, Wanjira amesema vile, Wanjira hupita hapa kila Ijumaa. Razan alifurahi kwamba rafiki yake hajamsahau mama. Alifurahi, wala hakuuliza zaidi.

Asubuhi ya pili maji yalikuwa yamekupwa, akatembea ufukweni mpaka Amu. Chumba cha chai cha wauguzi kilikuwa kile kile, na kiti kilichovunjika mguu kilikuwa bado kimevunjika. Wanjira alimkumbatia mpaka kitambulisho chake kikamchoma shingoni.

"Haya, tuanze na la aibu," Wanjira alisema akimimina chai. "Unapata ngapi?"

Razan akamwambia.

Wanjira akaweka birika chini. "Hiyo ni yangu mara mbili na chenji inabaki. Bima?"

"Mimi na mama. Meno, macho, kila kitu."

"Mato," Wanjira akamsahihisha, na wote wakacheka. "Mimi nina pensheni, na posho ya mazingira magumu. Kila mwisho wa mwezi nacheka nikiiona. Nalipwa kwa taabu ya kuishi kwenu."

Wakaendelea hivyo, jambo kwa jambo, kama wanawake wanaolinganisha vitambaa dukani. Usafiri: Mombasa basi, Amu miguu. Masomo: Mombasa wanakulipia kozi, ukimaliza wanakufunga kwa mkataba miaka miwili. Mitambo: Wanjira aliuliza kuhusu mashine za kule na macho yakamng'aa kwa wivu ambao hakuuficha. Zamu: Mombasa huongezewi hata dakika bila malipo. Kwa kila jambo Mombasa ilishinda, na Razan alijikuta anaudhika inaposhinda.

"Na watu?" Wanjira akauliza mwishowe.

Razan alizungusha kikombe. "Watu ni wazuri. Tukienda kula, kila mtu na simu yake." Kisha yakamtoka yote, bila mpango: Idi, sinia, viatu vya Bi Alawiya, yule bibi wa Ndau aliyekataa sindano mpaka Wanjira amwimbie wimbo wa kanisani kwa Kikuyu. Alisema amepakumbuka mahali hapa mpaka anaota. Alisema kama ni kurudi atarudi kwa ajili ya hayo, hata kama ni ujinga.

Wanjira akamwongezea chai.

"Lakini hujaniambia," Razan alisema akijifuta pua. "Hii nafasi ni ya nani? Nani ameondoka?"

"Bado hajaondoka. Ni mimi."

Hospitali moja ya Nyeri ilikuwa imempa kazi. Mama yake alikuwa hajiwezi tena, anaanguka, jirani ndiye anayemwinua. Wanjira aliyasema haya akitazama chai, kwa maneno machache, na Razan angepaswa kumwonea huruma. Alimwonea baadaye. Wakati ule alihisi amechezewa.

"Kwa hiyo unaniita nyumbani, nikifika unafunga mlango unaenda zako."

"Nakuita upokee zamu. Kuna watu hapa siwezi kumwachia mtu yeyote tu."

"Watu gani?"

"Ukipokea utawajua." Wanjira alisimama akasuuza vikombe, na hakugeuka tena mpaka Razan alipoondoka.

Alirudi Shela kwa boti. Hasira yake ilikuwa ya kitoto na alijua. Mahali alipokuwa anapaota Mombasa palikuwa na Wanjira ndani yake, ameketi kwenye kile kiti kibovu. Mtoe Wanjira, kinabaki nini? Mshahara nusu na wodi yenye joto. Mtu mwenye akili angesaini mkataba wa Mombasa siku hiyo hiyo, na Razan aliwahi kusifiwa kwa akili.

Kilichomzuia ni jambo dogo. Alijaribu kumwona muuguzi mwingine, yeyote, anayekuja kuchukua nafasi ya Wanjira, na akasikia sauti ikisema, kitanda nambari kumi na moja. Hiyo sauti ingekuwa na haki kabisa, ingekuwa na kazi safi, na baada ya mwaka mmoja hakuna ambaye angejua kulikuwa na namna nyingine. Bi Alawiya alikuwa amekufa. Wanjira alikuwa anaondoka. Wa tatu aliyeijua namna ile alikuwa yeye, naye alikuwa ameketi kwenye boti anahesabu marupurupu. Alilia kidogo, nahodha akajitia haoni.

Jioni akatuma majibu yake mawili, kisha akaenda jikoni kumwambia mama kwamba anarudi.

"Na mshahara?" Bi Mwanamkisi akauliza.

"Nusu."

"Nani amekwambia urudi? Wanjira?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimepakumbuka tu, mama. Nataka kazi yangu ya zamani."

Mama alimtazama muda, akitafuta kitu usoni mwake. "Weye una wazimu," alisema, kisha akajifunika uso kwa leso, mabega yakamtikisika. Razan alidhani analilia zile pesa, akamwahidi kwamba paa limekwisha ezekwa na hawatalala njaa.

Mwezi ulipokwisha, asubuhi, Razan aliingia wodini na sare mpya iliyomkwaruza shingo. Wanjira alikuwa amemaliza zamu yake ya mwisho. Mkoba wake ulikuwa mlangoni, na boti ya kumvusha bara, Mokowe, ilikuwa inamngoja gatini. Wakaanza upande wa wanawake.

"Bi Aliya, binti wa fundi milango wa Langoni. Mtoto wake wa kwanza, amezaa salama. Mama mkwe atamkataza ndizi. Mwache akataze, ila Aliya ale."

"Bi Aliya wa Langoni. Nimempokea."

Wakaenda hivyo, mmoja mmoja, mtu wa Nyeri akimweleza mtu wa Shela watu wake. Upande wa wanaume, wa mwisho alikuwa Mzee Nur wa Ndau. "Leo anaruhusiwa. Boti yao huondoka maji yakijaa na haimngoji daktari. Mpe dawa zake mapema, la sivyo ataondoka bila dawa na hatarudi."

"Mzee Nur wa Ndau. Nimempokea."

Razan akafunika kalamu yake. Wanjira hakwenda mlangoni. Alisimama kando ya kitanda kitupu karibu na dirisha.

"Bado mmoja," alisema. "Huyu hayuko kitandani." Akavuta pumzi, akaendelea kwa sauti ile ile ya kazi. "Bi Mwanamkisi wa Shela, mshona kofia. Presha, ya muda mrefu. Mwaka jana kabla ya Ramadhani alianguka jikoni, jirani akamleta kwa boti. Mkono wa kushoto ulilala, ukarudi nusu. Dawa ya asubuhi humeza mwenyewe. Ya jioni huisahau akisikia adhana, basi apewe mapema. Nilimwambia akande unga ili mkono uamke, na unaamka. Usimtajie kofia. Namwona kila Ijumaa nikitoka kazini. Ana binti muuguzi Mombasa. Alinikataza binti asiambiwe, kwa sababu akijua ataacha kazi yake nzuri, na mama hataki kuwa sababu."

Razan alikaa kwenye kitanda kile bila kujua amekaa. Aliona sindano yenye vumbi. Aliona mkono mmoja ulioshika leso mlangoni, na mahamri mtaa mzima, na yale macho ya mama jikoni yakitafuta kama kuna aliyesema. Yeye, muuguzi, alikuwa ameyatazama yote hayo.

"Ulikaa na mimi kwenye chai," alisema. "Ungeniambia."

"Alikataza, Razan. Na wewe hukuwa zamuni."

Nje mtu alipiga kelele kuuliza kama Wanjira anakuja au haji. Wanjira alisimama pale pale, mikono nyuma, kama alivyofundishwa, na angesimama hivyo hata boti ingemwacha.

"Bi Mwanamkisi wa Shela," Razan alisema. Akajifuta uso kwa ukosi wa sare mpya. Akaanza tena. "Bi Mwanamkisi wa Shela. Mama yangu. Nimempokea."

Wanjira akainua mkoba wake akaenda kwa mama yake.