Mashuka ya Jumamosi

"Nimekuuliza swali moja tu, Bi Stenroos," alisema Helvi, sauti yake ikigonga kuta za korido ya chini ya jengo. "Hii sauna ni ya watu au ya mashuka?"

Mashuka manne na foronya zake yalining'inia juu ya mabenchi, mahali pa watu kukaa waoge kwa mvuke. Jiko lilikuwa limekula kuni tangu mchana, na mawe juu yake yalikuwa yameiva. Mle ndani hapakuwa na binadamu. Zilizotokwa jasho ni foronya.

"Zamu ni yangu," alijibu Bi Stenroos, mjane wa ghorofa ya tatu, kikapu kitupu kikiwa miguuni pake. "Jumamosi saa kumi na mbili jioni, tangu jengo lifunguliwe. Ninachofanya humo ni shauri langu."

"Na wewe mwenyewe unaoga wapi?"

"Kwa dada yangu, Helsinki mjini. Ana beseni la kauri na bomba la maji moto. Mimi si kiazi, nichemshwe na majirani."

Helvi aliuma meno. Walipohamia kitongoji hiki kipya kutoka chumba kimoja cha kupanga, waliahidiwa kila kitu: maduka karibu, uwanja wa watoto, mashine ya kufulia, na sauna yenye zamu kwa kila nyumba. Zamu yao wakapewa Jumanne alasiri. Eino, mumewe, aliendesha treni za mizigo. Alirudi Jumamosi na kuondoka Jumapili kabla ya chakula cha mchana. Mwaka wa pili sasa, hajakaa kwenye mvuke na watoto wake hata mara moja. Aune, yule mdogo, alimjua baba kama mtu anayelala kwenye kochi.

Helvi aliomba zamu ya Jumamosi mpaka akachoka. Jibu la wasimamizi wa jengo lilikuwa lile lile: zamu isiyotumika hurudishwa, inayotumika haiguswi. Na leo, aliposhuka kuchukua viazi ghalani, akaona mlango wa sauna umeachwa wazi.

Hukkanen, mtunza jengo, alitokea na funguo zake. "Kelele za nini, kina mama?"

"Njoo uone unachokipashia moto kila Jumamosi!"

Hukkanen alitazama, akakohoa. "Mimi napasha tu, Mama Aune. Sichungulii. Nichungulie mwanamke anaoga? Nina adabu zangu."

"Adabu zako zimekausha foronya mwaka mzima!"

"Kanuni inasema zamu itumike," alisema Hukkanen polepole. "Inatumika. Haisemi kwa kazi gani."

"Umesikia?" Bi Stenroos aliinua kidevu. "Sheria ni msumeno."

"Nyumbani kwako hakuna vyuma vya kupasha joto?" aliuliza Helvi.

"Vipo. Lakini unyevu unabandua karatasi za ukutani. Zangu ni za maua, nimezichagua mwenyewe. Na huko darini pa kuanikia, kwa baridi hii, nguo zinaganda zinakuwa mbao. Ulitaka nilalie mbao?"

Helvi alilijua hilo. Darini palikuwa na baridi kweli. Hata suruali za Eino zilisimama zenyewe. Angeweza kungoja mkutano wa wakazi, lakini huo ulikuwa mpaka majira ya kuchipua, na treni ya Eino ilikuwa kesho.

Aliokota kile kikapu, akaingia, akaanza kuanua mashuka.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Mashuka yanakwenda kwangu. Karatasi zangu za ukutani ni za kijivu na mbaya, zibanduke zikitaka. Kesho utayakuta mlangoni kwako, makavu, yamekunjwa."

"Zamu ni yangu!"

"Ni yako, nani kakunyang'anya? Vua viatu uingie, benchi la juu lina nafasi. Ila wanangu nao wanaingia."

"Mama Aune," alianza Hukkanen, "kanuni..."

"Kanuni inataka zamu itumike. Na wewe si huchungulii?"

Hukkanen alizitazama funguo zake. "Sichungulii," alisema, akaondoka.

Helvi alipanda ngazi na kikapu kilichochuruzika maji. "Eino! Amka! Shusha watoto, na taulo!" Alitandaza mashuka juu ya vyuma vya moto sebuleni. Karatasi ya ukutani ilianza kutoa harufu ya gundi papo hapo. Hakugeuka kuitazama.

Aliporudi chini, Eino alikuwa ameshaketi, taulo kiunoni, Aune amembana ubavuni na kumwuliza kama mawe yanauma. Bi Stenroos alikuwa bado kizingitini, ameshika foronya moja iliyosahaulika.

"Basi chagua, mama," alisema Helvi, akichota maji. "Ingia au funga mlango. Joto linatoka."

Mlango ulibamizwa kutoka nje. Helvi akayamwagia mawe maji.