Fremu Sitini za Karugendo

Mimi sipendi mtu aniambie kitu changu ni kidogo. Nimezaliwa hivyo, na mume wangu Karugendo alinioa akijua. Kwa hiyo siku mgeni mmoja aliposimama sebuleni kwangu, hapa Kamachumu, akaitazama laptop yetu na kusema, "Tuseme ukweli, mama, kadi yake ni ya kati tu," damu ilinipanda mpaka kwenye kilemba. Lakini ngoja nianzie mwanzo, maana nikianza na hasira hamtanielewa.

Karugendo aliendesha mabasi ya Bukoba kwenda Mwanza miaka ishirini na miwili. Halafu sukari ikaja, ikamla mguu wa kushoto, wakaukata chini ya goti. Alipotoka hospitali alipanda kitandani akageukia ukuta. Ukimuuliza kama atakula, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Jamani, huyu ni mwanamume aliyekuwa akibishana nami tangu chai ya asubuhi, tukabishana kuhusu chumvi, kuhusu padri, kuhusu mvua itanyesha au haitanyesha. Sasa ananiitikia ndiyo! Miaka miwili mizima. Nilimwombea rozari, nikamtukana, nikamwombea tena. Siku nyingine nilikuwa napalilia migomba huku nalia, na jirani akipita nasema ni moshi.

Aliyenisaidia ni Lilian, binti wa kaka yake Karugendo, fundi wa kompyuta kule Kashai, Bukoba mjini. Siku moja alikuja na laptop ya zamani na usukani wa kuchezea, ule wenye pedeli zake za kukanyaga. "Mama mdogo, kuna gemu la kuendesha mabasi. Gia zake zinajibadili zenyewe, mguu mmoja unatosha." Tukambeba mzee, tukamketisha. Basi lenyewe lilikwenda kwa kushtuka, linaganda, linaruka, linaganda tena. Karugendo alikata kona, basi likakata kona baada ya muda, kama mtoto mkaidi aliyetumwa dukani. Dakika tano tu, akatapika. "Hili si basi," akasema, akarudi ukutani.

Mimi nilisema basi, tumeshindwa. Lilian hakusema hivyo. Alinieleza kwamba picha ya gemu ni picha nyingi zinazochorwa moja baada ya nyingine, na kila moja inaitwa fremu. Ile laptop ilikuwa inachora fremu kumi na nne kwa sekunde. Jicho la dereva linataka sitini. "Kinachochora ni kadi ya picha, Mama mdogo. Ile haikuwa nayo ya maana. Nipe miezi miwili."

Miezi miwili ikapita, akaja na laptop nyeusi, nene, iliyotumika lakini nzima, ndani ina kadi ya picha ya namba 4060. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Akacheka. "Hapana. Ziko za wakubwa, zinakula umeme kama mashine ya kusaga. Hii ni ya kati. Lakini wewe subiri uone."

Niliona, waitu, ndugu zangu! Aliichomeka kwenye umeme, maana alisema kwa betri inalegea, akaiweka mezani juu ya vipande viwili vya mbao, akawasha. Kwenye kona ya kioo kulikuwa na tarakimu ya kijani, themanini na mbili. Hiyo ndiyo hesabu ya fremu. Basi likatoka kituoni laini, limenyooka. Ukaona majani ya pembeni ya barabara yanatikisika moja moja. Lilian akawasha mvua. Matone yakateleza kwenye kioo cha mbele, waipa zikayafuta, lami ikang'aa, taa za gari la mbele zikaonekana mpaka kwenye madimbwi. Na vioo vya pembeni! Lilian alisema kila kioo ni picha nyingine ambayo kadi lazima iichore upya, kwa hiyo basi lenye vioo vitatu ni kazi ya kuchora barabara mara nne. Tarakimu ikashuka mpaka sitini na sita, ikakaa hapohapo kwenye mvua yote ile. Kadi ya kati! Mimi sijui ya wakubwa inafanya nini, labda inapika.

Lakini nilichokuwa naangalia zaidi ni uso wa mume wangu. Aliteremka mlima polepole, akagusa breki, akagusa tena. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Klaudia, breki inanisikiliza." Maneno matatu pamoja! Nilikimbilia jikoni nikajifanya natafuta kijiko.

Tangu siku hiyo aliamka mwenyewe kila asubuhi, akajiburuta kwa magongo mpaka mezani. Lakini nje ya gemu bado alikuwa mtu wa ndiyo. Ndipo Lilian akaleta habari. Kule Bukoba mjini kuna Mwalimu Josia, mwenye shule ya udereva, amechoka wanafunzi kumvunjia magari. Anataka waanze kwanza kwenye kompyuta, na anatafuta mtu wa kuwafundisha, dereva hasa, siyo kijana wa magemu. Atakuja Jumamosi saa nne kumwangalia Baba mdogo pamoja na mashine yake. Akiridhika, Karugendo ana kazi.

Kazi! Mnanielewa? Siyo dawa, siyo pole, siyo watu kuja kumtazama na kutikisa kichwa. Kazi. Ijumaa yote nilisugua nyumba. Nilifua mapazia, nikachoma ubani mbele ya Bikira Maria, nikamenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, za kutosha kulisha harusi. Nikaitazama laptop pale mezani, imekaa juu ya vipande vya mbao kama tofali. Kwetu kitu cha heshima hakikai juu ya meza tupu. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata Bikira Maria ana chake. Nikatupa vile vipande vya mbao jikoni kwenye kuni. Nikaweka mto mpya wa sofa, juu yake kitambaa changu cheupe nilichokifuma mwenyewe kwa mwezi mzima, chenye maua pembezoni, na juu yake laptop. Ikapendeza mpaka nikarudi nyuma mara mbili kuitazama.

Mwalimu Josia alifika saa nne kamili, mtu mpole wa Kilutheri, amenyoosha shati. Nikampa kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi kwetu, akashukuru. Karugendo alikuwa amenyoa ndevu. Akawasha, basi likatoka, tarakimu themanini. Mwalimu akainama mbele na kusema, "Safi." Nikakaa mkao wa kula.

Kama dakika kumi hivi, feni ya ndani ya laptop ikaanza kulia. Kwanza kwa sauti ndogo, kisha kama inazama. Tarakimu ikawa hamsini na moja. Ikawa thelathini. Ikawa ishirini na mbili. Basi likaanza kushtuka, kuganda, kuruka. Karugendo akakata kona, basi likapitiliza likagonga nguzo. Akarudi barabarani, likaganda katikati ya daraja. Jasho likamtoka. Akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Tupumzike, mzee?" Mwalimu akauliza kwa upole.

"Ndiyo," akasema Karugendo.

Ile ndiyo niliijua. Na hapo ndipo Mwalimu, akitaka kutufariji, akasema yale maneno, kwamba tuseme ukweli, kadi ni ya kati tu, labda tusubiri shule ipate mashine kubwa.

"Mwalimu," nikasema, "kaa chini. Kadi hii nimeiona kwa macho yangu ikichora mvua, madimbwi na vioo vitatu, na haikushuka chini ya sitini. Hutoki hapa na habari ya uongo. Hata ebitoke hujala!"

Masikini, akakaa. Nikampigia Lilian, nikaweka sauti kubwa ili wote wasikie.

"Lilian, mashine yako inatuaibisha. Ishirini na mbili!"

"Imechomekwa kwenye umeme?"

"Imechomekwa."

"Mmeiweka juu ya nini?"

Nikakitazama kitambaa changu. Mwalimu akanitazama, Karugendo akanitazama.

"Juu ya kitambaa," nikasema kwa sauti ndogo.

"Kitambaa tu?"

"Na mto."

"Mama mdogo!" Lilian akapiga kelele. "Inavutia hewa kwa chini! Kadi ikipata joto inajipunguzia kasi isiungue. Mmeiziba pua! Na zile mbao zangu ziko wapi?"

Sikumjibu habari za kuni. Niliinua laptop, ikanichoma vidole. Nikavuta mto, nikavuta kitambaa, nikatamani kujifunika nacho uso. Mwalimu Josia mwenyewe alichukua vitabu viwili vya nyimbo kutoka kabatini, akaviweka huku na huku chini ya laptop. "Mke wangu angefanya vilevile," akasema. Tukasubiri ipoe huku tukila. Karugendo alipowasha tena, themanini na moja. Ikakaa dakika kumi, ikakaa ishirini, na mvua juu yake sitini na tano. Mwalimu akavua miwani akaifuta. "Naiomba radhi kadi," akasema. "Imefanya kazi ya kaka zake wakubwa."

Nikadhani tumemaliza. Kumbe bado. Akasema, "Kwamba Mzee Karugendo anajua kuendesha, Kagera nzima inajua. Sijui kama anajua kufundisha. Nataka nimwone na mtu ambaye hajawahi kushika usukani." Akatazama huku na huku. Ndani tulikuwa watatu.

"Mimi?" nikasema. "Mimi hata baiskeli inanitupa!"

"Kaa, Klaudia," akasema mume wangu.

Nikakaa. Nikajua riziki ya mtu huyu iko mikononi mwangu. Akasogeza kiti chake kando yangu. "Kanyaga taratibu. Taratibu, nimesema, huui nyoka. Angalia mbali, usiangalie boneti. Kioo cha kushoto, nani yuko nyuma?" Na kweli, kwenye kile kioo kidogo niliona lori jekundu linakuja, limechorwa mpaka vumbi la matairi. Nikaendesha. Nikapita daraja. Nikaanza kujiona mtu. Kwenye mteremko nikachanganyikiwa, nikakanyaga mafuta badala ya breki, basi zima na abiria wake likaingia mtaroni likalala ubavu.

"Umesema kulia!" nikamfokea.

"Nimesema breki! Lini nimesema kulia?"

"Umesema kulia, nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Masikio yako hayo hayajawahi kusikia kitu tangu nikuoe! Abiria arobaini, Klaudia! Umewalaza abiria arobaini!"

"Na mwalimu wangu ni nani?"

Tukafokeana hivyo, pua kwa pua, mpaka nikashtuka kwamba tunagombana. Tulikuwa tunagombana! Naye akagundua saa ileile, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Kisha akafuta macho, akarudisha basi barabarani, akachukua mkono wangu akauweka kwenye usukani. "Tuanze upya. Safari hii breki ni hii hapa." Nikauteremka mlima wote, mpaka chini, bila kugusa mtaro.

Mwalimu Josia hakutoa hotuba. Alimpa Karugendo mkono, akasema, "Jumatatu saa mbili, mwalimu mwenzangu."

Jumatatu Lilian alimfuata kwa gari. Siku za kazi mume wangu atakuwa anakaa kwa Lilian, Kashai, laptop yake na vipande vipya vya mbao kwenye begi. Nyumba ikawa kimya. Nilikwenda kibanjani, shambani kwetu, nikakata majani makavu ya migomba, nikashindwa kuendelea. Miaka miwili nilimwomba Mungu amtoe mtu huyu kitandani, na sasa ametoka, sina wa kumuuliza kama amekula. Saa tano nikampigia.

"Klaudia, niko kazini," akasema kwa ukali. Nyuma yake nilisikia feni ya mashine na watu wanacheka. "Kuna mtoto wa watu hapa ameligonga basi ukutani. Usinisumbue!" Akakata.

Nikakaa chini palepale kwenye nyasi za shamba, nikalia, nikacheka, kisha nikampigia tena ili anigombeze vizuri.