Nguzo ya Saba

Fundi Namba, kama walivyomwita ofisini, alibakiza kazi ya saa moja tu. Viwango vya ujenzi vilikuwa vimebadilishwa, naye ndiye aliyebebeshwa kazi ya kuitoa programu ya kukokotoa uimara wa majengo kwenye kanuni za zamani na kuitia mpya. Mwezi mzima alikula namba, akalala namba.

Kazi ile ina desturi yake: ukishagusa kanuni, unaijaribu programu kwa jengo unalolijua. Yeye alichagua ghorofa analokaa dada yake, maana michoro yake alikuwa nayo kabatini. Akabonyeza. Nguzo zote salama, ila ya saba, ya chini kabisa, ilitoa sifuri nukta tisa tatu. Ikifika moja, imeelemewa.

"Imeponea chupuchupu," akasema, akarudia kuhakikisha.

Tisa nne. Akarudia tena. Tisa sita.

Hajagusa kitu! Akamwita jirani yake wa meza, mtu wa maneno mengi.

"Umechoka, mwenzangu. Umeacha hesabu za jana humo ndani." Jirani akafuta kila kitu kwa mkono wake, akabonyeza. Tisa saba.

Fundi Namba akampigia dada yake. Kelele zilimpokea kabla ya salamu.

"Shikamoo, dada. Kuna nini huko?"

"Marahaba. Wageni! Wamekuja kumwona mjukuu wangu, tunakalia mpaka ndoo. Wewe tu uliyeolewa na kompyuta ndiye hujaja." Mlango ukagongwa. "Karibuni! Piteni wote wawili!"

Kwenye kioo cha kompyuta: tisa tisa. Mikono ya Fundi Namba ilikuwa mapajani.

"Dada, watoe watu nje. Sasa hivi."

"Kisa?"

"Nguzo ya chini."

"Imekuja kukushtakia?" Sebule nzima ikaangua kicheko.

"Tangu mama afariki sijakuomba kitu. Leo nakuomba. Mbebe mtoto, tokeni."

Dada, ambaye hata msibani hakosi utani, akakatisha kicheko. Kisha akasema, "Jamani, inukeni. Mdogo wangu kapandwa na wazimu, lakini ni wangu."

Viatu vikasikika ngazini. Namba nayo ikateremka, moja moja, ikatulia kwenye sifuri nukta nane.

"Haya, tuko juani, kumi na tisa pamoja na mtoto. Nyumba nimefunga, ufunguo ninao. Tukushukuru au tukuzomee?"

Fundi Namba akashusha pumzi. Ndipo ikaja nane moja.

"Dada, nani karudi ndani?"

"Hakuna."

Nane nne. "Wahesabu tena."

Dada akawahesabu kwa sauti, kichwa kwa kichwa. Kumi na tisa. Na namba inapanda tu, tisa sifuri, tisa tano, mbio mbio, kama watu wanaosukumana mlangoni. Jirani wa meza akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Vukeni barabara, dada! Msirudi hata kwa nepi!"

"Tunavuka." Sauti ya dada, anayemjua kila mtu mtaani hadi paka wao, ilikuwa imekuwa ndogo kabisa. "Lakini mdogo wangu, madirisha yangu yote yamejaa watu. Na simjui hata mmoja."