Kilo Mia na Kumi na Saba

Tangu asubuhi mpimaji hakutulia kitini. Anakwenda dirishani, anarudi mezani, anashika kalamu, anaitupa. Kiwanda alichofanyia kazi kilitengeneza mabomba ya maji kwa plastiki iliyokwisha kutumika, na siku hiyo bosi alitaka kwake jambo moja tu: mashine yetu inameza kilo ngapi kwa saa? Idara ya maji ya mji wa jirani ilitaka tani kumi na mbili za mabomba kwa siku sita, na jibu lilingojwa kabla ya saa tisa alasiri.

"Mimi mwenyewe najua ni mia mbili," bosi alimwambia. "Lakini wewe ndiye umesomea. Niandikie, utie sahihi."

Ilionekana kazi rahisi kama kumeza mate. Ndani ya mlango wa kabati palibandikwa mchoro wa ile parafujo ndefu inayozunguka tumboni mwa mashine, ikivuta plastiki kutoka kwenye faneli ya juu na kuisukuma mbele ikayeyuke. Alipiga hesabu ya nafasi iliyo kati ya uzi na uzi: kila mzunguko mmoja, robo lita. Mizunguko sitini kwa dakika, lita mia tisa kwa saa. Kisha akachukua ndoo ya lita kumi, akaijaza chenga za plastiki bila kuzishindilia, akaiweka kwenye mizani. Kilo mbili na nusu na kidogo. Chenga zile zilikuwa nyepesi kama makapi.

Na parafujo haijai yote. Chenga huteleza, nyingine hurudi nyuma, hewa nayo inakula nafasi yake. Akakata nusu, kama alivyofundishwa. Ikatoka mia na kumi na saba.

Akarudia. Akabadilisha ndoo. Akapima tena mchoro kwa rula ya chuma. Mia na kumi na saba.

Akafungua daftari la uzalishaji, na hapo ndipo mambo yalipozidi kumchanganya. Zamu ya asubuhi, ya baba yake mdogo: mia na tisini, mia tisini na sita, mia mbili. Zamu ya mchana, mashine ile ile, chenga zile zile: mia na kumi na tano, mia na ishirini. Ukurasa baada ya ukurasa. Zamu ya mchana iliendeshwa na Mama Pacha, mpaka mwezi uliopita alipoachishwa kazi kwa uvivu. Bosi alimwambia mbele ya watu wote kwamba analala juu ya mashine. Mama Pacha alikunja aproni yake, akaiweka juu ya meza, akaondoka.

Simu ikalia. Bosi. "Vipi?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ndiyo nini? Mia mbili ni kuandika tu!"

Alishuka chini. Baba yake mdogo alikuwa amesimama kando ya mashine, kitambaa begani, mtu aliyeiendesha miaka kumi na minane na ambaye watu walimwita Daktari kwa sababu alijua ugonjwa wa mashine kwa kuusikiliza. Yeye ndiye aliyemwombea binti huyu wa kaka yake kazi, miezi minne iliyopita.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema kama umekimbizwa?"

"Nataka kuijaribu mashine dakika sita. Nipime kinachotoka."

"Ya nini? Daftari si lipo?"

"Nataka kuona mwenyewe."

Mzee alicheka kidogo, lakini macho hayakucheka. Akageuka, akaanza kupanda ngazi ya chuma ya jukwaani, nyuma ya faneli, mahali ambapo hakupenda mtu mwingine apande. Alipanda kwa mkono mmoja. Wa kulia ulimning'inia.

"Hapana, baba mdogo. Baki hapa chini na mimi."

"Nikibaki huku haitakula vizuri."

"Kwa nini isile?"

Alisimama ngazi ya tatu, mgongo umemwelekea. Mpimaji akampita pembeni, akapanda. Mfuniko wa faneli ulikuwa umefunguliwa, na juu ya chenga kulikuwa na mti mrefu kama mpini wa jembe, ncha yake imelika na kung'aa. Chini kabisa, kwenye koo la mashine, uzi wa parafujo ulikuwa ukipita, ukipita.

Akaelewa. Chenga zikijishika kooni, baba mdogo alizishindilia kwa mti. Kwa saa tano za zamu, kila siku, mkono juu, ncha ikicheza karibu na chuma kinachozunguka.

"Siku mti ukikamatwa," alisema, "utakuvuta na wewe."

"Umekamatwa mara mbili. Niliuachia."

"Na bega?"

"Bega ni uzee."

Walishuka. Waliendesha mashine dakika sita bila mtu jukwaani, bomba likakatwa, likapimwa: kilo kumi na moja na gramu mia nane. Kwa saa moja, mia na kumi na nane. Mpimaji aliiangalia mizani kana kwamba imemtukana.

"Baba mdogo, ulijua kwa nini Mama Pacha alifukuzwa."

Mzee alivua kitambaa, akajifuta uso, akakirudisha begani, akakivua tena. "Mwanzo ilikuwa siku moja moja, tukibanwa. Bosi akasifu. Mtu akishasifiwa, anarudije nyuma? Siku ile nilitaka kusema. Mdomo ukawa mzito."

"Mimi siwezi kuandika mia mbili."

"Ukiandika hiyo yako, atauliza ile yangu ilitoka wapi."

"Najua."

"Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Najua, baba mdogo. Ndiyo maana sijakaa tangu asubuhi."

Saa nane na nusu ilikuwa imepita. Aliandika mia na kumi na saba, akatia sahihi. Alipofika mlangoni kwa bosi alimkuta baba yake mdogo ametangulia, amesimama na ule mti mkononi.

"Hii ndiyo mia mbili yako," mzee alikuwa akisema. "Yule mama hakulala. Alikuwa anaendesha mashine. Mimi nilikuwa naendesha mkono."

Bosi alifoka mpaka karani wa chumba cha pili akafunga mlango. Kisha akaichukua karatasi ya mpimaji, akaisoma, akapiga simu. Kwa saa kumi za kazi kila siku, aliomba siku kumi na moja. Upande wa pili walinung'unika sana, wakakubali wapewe tani saba kwanza ndani ya siku sita, zilizobaki zifuate. Mti ulikatwa vipande viwili, na mfuniko wa faneli ukatiwa kufuli.

Mama Pacha alipigiwa simu na bosi mwenyewe, mpimaji akiwa kando. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, ameshapata kazi nyingine, ya kukaa kwenye kiti. Lakini anataka barua inayosema hakuwa mvivu, na ibandikwe pale pale alipotukaniwa. Ilibandikwa kesho yake, mhuri juu.

Baba mdogo alipewa wiki tatu akatibiwe bega. Siku ya nne mkewe, mama mdogo, alimpigia mpimaji.

"Mwanangu, mmemfanyaje mzee wenu? Hakai! Anazunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Jana kafungua pampu ya maji ambayo haina ubovu wowote."

"Hajasema nimwombe radhi?"

"Wewe? Anasema ulimtoa mwiba. Ila mwiba nao ukitoka, panauma. Njoo Jumapili, umkalishe."

Mpimaji alisema atakwenda. Akaweka simu chini, akavuta kiti, akafikiri atakaa. Lakini ndoo nyingine ya chenga ilikuwa imeletwa, zinaonekana nyepesi kuliko zile za juzi, na alikwisha kuondoka tena kwenda kuipima.